Bei za samaki wa dikoni: naambiwa kuzisambaza ni jela. Sheria ipi hiyo?

#1 KijanaWaDiko
Wakuu, habari za jioni. Naomba mwenye kujua sheria anisaidie, maana hapa kila mtu ana sheria yake.

Mimi ni mchuuzi wa samaki, Tanga mjini. Nanunua mnadani asubuhi kwenye diko moja, pale vyombo vinaposhusha samaki (jina nalihifadhi), napeleka Muheza na Korogwe. Pale dikoni yupo mkusanya takwimu. Anakaa kwenye ukingo wa meza ya kupimia na daftari kubwa lililopigwa mistari kwa rula: jina la chombo, nambari ya usajili, nahodha, zana (jarife, mshipi, ringi neti, dema), wavuvi wangapi, walikokwenda kuvua, samaki gani, kilo ngapi, mnada umefika bei gani. Kurasa za juu zimelowa maji ya barafu mpaka wino umetawanyika, lakini ukizizoea unazisoma. Siku hizi nyingine anaingiza kwenye simu. Zikishatoka hapo zinakwenda halmashauri, zinakwenda wizarani, na hazirudi tena kwetu.

Nikawa namwomba nipige picha ukurasa wa siku, narusha kwenye kundi la WhatsApp la wachuuzi. Kina mama wa Pongwe na Muheza wakawa wanajua samaki changu kaamkia bei gani kabla hawajapanda gari. Madalali hawakupenda. Juzi nimeitwa na afisa: "Hizo ni data za serikali, ukizitoa ni jela." Nauliza sheria ipi, ananijibu ya takwimu. Wa pembeni yake anasema ya mtandao. Wa tatu anasema taarifa binafsi.

Bei inanadiwa kwa sauti mbele ya watu wote. Inakuwaje siri ikishaandikwa? Na hizi taarifa ni za nani: za serikali, za BMU (kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi hapa dikoni), za nahodha, au za kila aliyesimama pale akasikia?

#2 BiNgamiani
Pole mwanangu. Ila wewe mwenyewe umeshajijibu: madalali hawakupenda. Sheria imetafutwa baada ya ugomvi kuanza. Mimi niliuza samaki wa kukaanga barabara ya kumi na mbili miaka mingi, najua dalali anaishi kwa mnunuzi asiyejua bei. Ukimjulisha yule mama wa Muheza, umemkata mtu mkono.

#3 SheriaMkononi
Mkuu #1, afisa wako hakutunga, ila anasoma ukurasa uliokwisha kupinduliwa.

Sheria ya Takwimu ni ya mwaka 2015. Mwaka 2018 ilifanyiwa marekebisho, ikawa kosa kusambaza takwimu zenye lengo la kubatilisha, kupotosha au kudhalilisha takwimu rasmi. Adhabu ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Oktoba 2018 Benki ya Dunia ikatoa tamko kwamba ina wasiwasi mkubwa. Mwaka 2019 Bunge likarudi likalegeza: mtu yeyote anaruhusiwa kukusanya na kutoa takwimu zake mradi afuate mbinu zinazoeleweka za kitakwimu, na ukizuka ubishi na takwimu rasmi kuna kamati ya wataalamu ya kuutazama. Jela ya kupishana na serikali kwa namba ikaondolewa.

Kilichobaki vichwani mwa watu ni ile hofu ya 2018. Nimekutana nayo ofisi nyingi: mtumishi anaona ni salama zaidi kusema "hairuhusiwi" kuliko kufungua sheria.

#4 MtakwimuWaPwani
SheriaMkononi, umeacha nusu. Marekebisho ya 2019 yanamlinda anayekusanya takwimu ZAKE. Kijana hakukusanya, amepiga picha fomu ya mtu mwingine. Na sheria hiyohiyo tangu mwanzo inafunga taarifa za mtu mmoja mmoja: fomu iliyojazwa kwa ajili ya takwimu haitolewi kwa namna ya kumtambulisha aliyehojiwa. Hilo halikulegezwa, na lisilegezwe. Siku wavuvi wakijua fomu zinazunguka kwenye simu, kesho watataja kilo za uongo, na takwimu nzima imekufa.

Jambo la pili, ambalo nadhani ndilo linalomsumbua huyo afisa. Samaki hawahesabiwi kila chombo kila siku. Inachukuliwa sampuli: vyombo kadhaa, siku kadhaa, halafu inakuzwa kwa hesabu kupata makadirio ya mwezi ya eneo zima. Ukurasa wa siku moja ni mali ghafi. Mtu akiuchukua akaandika "samaki wa Tanga wamepungua nusu", atakayeulizwa ni afisa, siyo wewe.

#5 KijanaWaDiko
#4 asante. Lakini mimi sijasema wamepungua wala wameongezeka. Nasema changu leo elfu 12 kwa kilo, pweza elfu 10. Hiyo nayo mpaka kamati ya wataalamu?

#6 NahodhaWaMwambani
Salaam. Mnabishana juu ya mchuuzi na afisa, hakuna aliyeniuliza mimi ninayeandikwa.

Kijana, picha zako nimeziona. Jina la chombo changu lipo, kilo zipo, bei ipo. Siku niliyopata kolekole wazuri, mdai wangu alikuwa mlangoni kabla sijaoga chumvi. Alijua nimepata kiasi gani kabla ya mke wangu. Na lile safu la "walikokwenda kuvua" je? Mwamba wangu nimeonyeshwa na baba, naupima kwa alama za nchi kavu ambazo hata mabaharia wangu sijawafafanulia wote. Yule mwandishi ananiuliza, namtajia kwa sababu amevaa kitambulisho cha serikali. Sikumtajia wewe, wala watu mia mbili wa kundi lako.

Tumeshaliona hili. Mwaka 2004 na 2005, silikanti, wale samaki wa kale, waliponaswa kwenye majarife (nyavu) ya maji marefu, wageni walifurika huku Kigombe na Mwambani na madaftari. Kina gani, wapi, saa ngapi, chombo cha nani. Tulijibu kwa heshima. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, na jarife letu likawa ndilo mshitakiwa mkuu. Sikatai hifadhi. Nasema hakuna aliyetuambia kwamba majibu yetu yatatumika hivyo.

#7 MtakwimuWaPwani
Nahodha, heshima yako. Lakini bila yale madaftari dunia isingejua kwamba silikanti anaishi mbele ya Tanga. Samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu zama za madubwana, mpaka 1938 alipoonekana Afrika Kusini! Hifadhi ya kilomita za mraba 552 haikuchorwa kwa kubahatisha, ilichorwa kwa sababu wavuvi walisema ukweli. Taarifa moja ikitumika mara nyingi ndiyo faida yake.

#8 NahodhaWaMwambani
Faida ya nani?

#9 DadaChumbageni
Hapo #8 pamenigusa. Naomba tusipapite haraka.

#10 SheriaMkononi
Swali la Nahodha linatupeleka kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais tarehe 3 Aprili 2024. Msingi mmoja wake ni huu: taarifa ikusanywe kwa lengo lililotajwa, na isitumike kwa lengo lingine lisilopatana na lile la kwanza. Mhusika ana haki ya kujua inakusanywa kwa nini, kuiona, kuomba irekebishwe, na kudai fidia akiumia.

Adhabu si ndogo. Mtu binafsi anayetoa taarifa kinyume cha sheria: faini kuanzia laki moja hadi milioni 20, au kifungo hadi miaka 10, au vyote. Kampuni: kuanzia milioni moja hadi bilioni 5. Na Tume yenyewe inaweza kutoza faini hadi milioni 100.

Kwa hiyo yule afisa wa tatu ndiye aliyekaribia. Siyo kwa sababu data ni za serikali, bali kwa sababu ndani yake yumo Nahodha.

#11 DadaChumbageni
Mbona jina la chombo siyo jina la mtu? Chombo kinaitwa "Subira", kwani Subira ana kitambulisho cha NIDA?

#12 BiNgamiani
Wewe dada unakaa Chumbageni ndiyo maana. Huku kwetu ukitaja chombo umemtaja mwenyewe, na babu yake, na nyumba ya mkewe wa pili.

#13 SheriaMkononi
Bi mkubwa amemaliza. Sheria haiangalii jina tu. Nambari, mahali, au jambo lolote linaloweza kumtambulisha mtu hata kwa kuzunguka, linaingia. Nambari ya usajili wa chombo ina mwenye chombo nyuma yake.

#14 MwalimuPongwe
Wakati mnamuwinda huyu kijana na bei zake za changu, ngoja niwaambie nilichokiona mimi.

Nilikwenda duka la fotokopi na uchapaji, kwenye barabara moja yenye watu wengi. Nataka kutoa nakala ya kitambulisho. Yule binti akachomeka simu yangu, akafungua kompyuta, na kwenye uso wa kompyuta yamejaa mafaili: "nida mama", "nida mteja 2", "cheti cha kuzaliwa", "mkataba nyumba". Vitambulisho vya watu wasiopungua mia, sura na namba, na kompyuta haina neno la siri. Namuuliza kwa nini hafuti, anasema "wateja huwa wanarudi". Nilisimama pale mpaka akafuta ya kwangu mbele yangu, akafuta na kwenye pipa la taka la kompyuta. Yeye alishangaa kuliko mimi.

Wiki nyingine nimenunua karanga stendi. Kikaratasi kilichofungiwa ni fomu ya kliniki. Jina kamili, kijiji, umri wa mimba, vipimo vya damu na majibu yake. Nimekula karanga sijui nimezila vipi. Kituo gani sitasema. Ila sheria inaziita taarifa za afya kuwa nyeti, zinataka ulinzi kuliko hizi nyingine zote, na zimefika stendi zikiwa na chumvi. Hapo hatujasikia mtu ameitwa ofisini.

#15 KijanaWaDiko
Mwalimu asante sana. Hilo ndilo linalonichoma.

#16 MchumiWaRaskazone
Kwa nyongeza ya #14: mnakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole? Ulianza Mei 2019, mwisho ukawa tarehe 20 Januari 2020. Tuliokaa foleni tunakumbuka wale vijana wa miavuli, kidole kinasoma, "jaribu tena mama". Nani anajua vile vya "jaribu tena" vilisajili laini ngapi? Dada yangu aliangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake akakuta moja ambayo hajawahi kuishika.

Na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinajua vipi kwamba nimetoka kwa wakala sasa hivi? Daftari la wakala liko wazi juu ya kaunta, majina na namba, kila anayeinama kusaini anasoma wa juu yake.

#17 MamaWaMaweni
Mimi nilikopa kwenye programu ya simu, mkopo mdogo tu. Nilipochelewa walituma meseji kwa watu wote walio kwenye simu yangu: mkwe wangu, mwalimu mkuu wa mwanangu, fundi bomba. "Mwambie fulani alipe deni, wewe ndiye mdhamini wake." Mkwe wangu hakuniambia kitu, alilipa kimyakimya. Nilijua baadaye. Ni aibu ambayo mpaka leo nikienda kwake nakaa ukumbini tu.

Sikumpa mtu yeyote ruhusa ya kuwapigia watu wangu. Wanasema nilibonyeza "kubali".

#18 SheriaMkononi
#17 pole sana dada. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni na kuzipiga marufuku, baada ya kutoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali mwaka huohuo. Hata yenye leseni haina ruhusa ya kuwatangazia watu deni lako. Andika malalamiko Tume, weka picha za zile meseji. Ridhaa ya "kubali" ni yako wewe kwa taarifa zako. Huwezi kumridhia mkwe wako.

Na hata sheria yenyewe ilikutwa na viraka. Mei 2024 Mahakama Kuu ilikuta baadhi ya vifungu vyake vimeandikwa kwa upana usioeleweka, ikaipa serikali mwaka mmoja kurekebisha.

#19 FundiRamani
Turudi dikoni, kwa sababu kuna swali la #1 hakuna aliyeligusa: ni za NANI? Mnaongea faragha, yeye ameuliza umiliki.

Mimi nachora ramani huria kwenye OpenStreetMap, kwa hiyo jambo hili naishi nalo. Kwa nchi nyingi, ukweli mtupu hauna mmiliki. "Changu kilo elfu 12" ni ukweli, siyo utunzi. Marekani Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1991 kwenye kesi ya Feist dhidi ya Rural: kampuni ya simu ilidai kitabu chake cha namba kimenakiliwa, mahakama ikasema majina na namba zilizopangwa kwa alfabeti hazina ubunifu, na jasho la kuzikusanya peke yake halizai hakimiliki. Ulaya wao walikwenda njia nyingine. Kwa agizo la mwaka 1996 wakaanzisha haki maalumu ya mwenye kanzidata (mkusanyo wa data), miaka 15, kwa sababu tu amewekeza katika kuikusanya. Mkusanyo ni uleule, Marekani huru, Ulaya una mwenyewe.

Ramani yetu ipo chini ya ODbL, leseni huria ya kanzidata, tangu 2012. Tumia, uza, chapisha, ila utaje chanzo, na ukiiboresha kanzidata ukaitoa kwa umma basi uirudishe kwa masharti yaleyale. Hilo la KURUDISHA ndilo jibu la Nahodha pale #8. Mpaka leo sijaona sharti zuri kuliko hilo.

#20 MtakwimuWaPwani
Feist ni Marekani, haitufungi. Sisi tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na tumo kwenye TRIPS, mkataba wa kimataifa wa haki za ubunifu, ambao ibara yake ya 10 inalinda mkusanyo wa data pale UTEUZI au MPANGILIO wake ni kazi ya akili. Fomu ya uvuvi imebuniwa na wataalamu, safu zake na misimbo yake. Ukiipiga picha umechukua na mpangilio.

#21 FundiRamani
Mpangilio ndiyo, kilo siyo. Aandike bei upya kwa mkono wake kwenye karatasi yake, mpangilio wako unabaki kwako. Ibara hiyohiyo ya 10 inasema ulinzi huo haugusi data zenyewe. Soma mpaka mwisho wa sentensi.

#22 MtakwimuWaPwani
Nimeisoma mpaka mwisho kabla hujaanza kuchora ramani.

#23 BiNgamiani
Haya, wasomi, nyavu zimeshikana. Tuleteeni kahawa na kashata kwanza.

#24 WaKaole
Salaam kutoka Bagamoyo. Naomba nichomeke la kwetu, lipo karibu.

Nafuatilia ukoo wa bibi yangu. Misheni ya hapa ilianzishwa mwaka 1868 na mapadri wa Roho Mtakatifu, na watumwa waliokombolewa waliandikwa humo majina, walikotoka, umri wa kukadiria. Watafiti wa Ulaya wanakuja wanasoma, wanapiga picha, wanaandika vitabu. Mimi nikiuliza jina la bibi wa bibi yangu, kuna mtu aliniambia hapana, siku hizi kuna sheria ya taarifa binafsi. Mtu aliyekufa karne na zaidi! Kumbukumbu za serikali zenyewe, kwa Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002, zinafunguliwa kwa umma baada ya miaka 30. Hizi za taasisi binafsi je? Mgeni anazitumia upya, mjukuu anazuiwa?

#25 SheriaMkononi
#24, kwa Ulaya jibu ni jepesi: GDPR, sheria yao ya taarifa binafsi iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, haiwahusu marehemu, imeziachia nchi zenyewe. Kumbukumbu za taasisi ya dini hazimo kwenye ile miaka 30 ya nyaraka za umma, kwa hiyo wanaweza kukuwekea masharti yao. Lakini kukutajia sheria ya 2022 kama ukuta kwa daftari la karne ya kumi na tisa, mimi naona ni kisingizio. Andika barua, eleza uhusiano wako, omba ukurasa mahususi siyo daftari zima.

#26 WaKaole
Asante. Ila "naona ni kisingizio" haifungui kabati.

#27 MwanaMvita
Hamjambo majirani. Mimi niko Mombasa, nasoma huu uzi nikiwa na mdomo wazi, kwa sababu kwetu sheria ya data ni ya 2019 na imeshaanza kuuma. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alipiga faini shule moja ya Uthiru shilingi milioni 4.55 za Kenya kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila ridhaa ya wazazi. Wakati huohuo klabu moja ya starehe ikalipishwa milioni 1.85 kwa kurusha picha za wateja. Hawakuiba kitu wale, walikuwa wanajitangazia biashara. Kwa hivyo kijana, hizo picha za daftari kata kabisa. Andika bei peke yake.

#28 DadaChumbageni
Milioni 4.55 za Kenya kwa picha? Basi shule za huku zote zifunge kurasa zao za Facebook leo usiku.

#29 MwalimuPongwe
Na zifunge, siyo vibaya. Mzazi analipia mtoto asome, hajalipia awe tangazo.

#30 MchumiWaRaskazone
Naona tumegeuza yote kuwa suala la kufunga. Kuna upande wa pili. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Raia unaandika ombi kwa taasisi ya umma, nao wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 30. Ukikataliwa unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, halafu unakata rufaa kwa Waziri. Kijana hana haja ya kumwomba mwandishi picha kwa urafiki. Aandike: naomba wastani wa bei na jumla ya kilo kwa kila aina ya samaki, kwa mwezi, kwa diko hili, bila majina. Hapo hajagusa faragha ya mtu.

#31 Mkwakwani2
Mkuu #30, nimeliandika ombi kama hilo mimi, kwenye ofisi moja, kuhusu mambo ya maji ya mtaa wetu. Lilipigwa muhuri wa kupokelewa. Mhuri ule ndio jibu pekee nililopata. Nikaenda, naambiwa faili lipo kwa bosi. Bosi yupo Dodoma. Nilipouliza mapitio ninayaombaje, naambiwa kwa bosi.

#32 MchumiWaRaskazone
Usingeishia hapo ndugu. Baada ya siku 30 ungemwandikia huyo bosi ombi la mapitio, halafu ukate rufaa kwa Waziri.

#33 Mkwakwani2
Rahisi kuandika hapa. Mimi nina duka, kila nikienda ofisini nimefunga duka.

#34 FundiRamani
Na hata ukipewa, soma masharti yaliyo kwenye sheria hiyohiyo: taarifa uliyopewa ukiipotosha ni kosa. Nani ataamua kwamba wastani wangu ni kupotosha? Huku ndiko ningetaka leseni iliyo wazi, kila ripoti iandikwe chini yake "unaruhusiwa kutumia upya kwa kutaja chanzo". Tulikuwa njiani. Tulijiunga na OGP, ule mpango wa kimataifa wa serikali za uwazi, mwaka 2011, Septemba 2015 Dar ikawa mwenyeji wa mkutano wa Afrika wa data huria, mwaka huohuo vijana wakaanza Ramani Huria kuchora mitaa inayofurika Dar, na zile ramani zimetumiwa na watu wengi kuliko waliozichora. Mwaka 2017 tukajitoa OGP. Hamu ikapoa, portal zikabaki na majedwali ya zamani.

#35 MtakwimuWaPwani
Kujitoa OGP hakukufuta sheria yoyote ya nyumbani. Tusichanganye.

#36 FundiRamani
Sijasema kulifuta sheria. Nimesema kulipoza moyo, na moyo ndio unaojibu barua ya Mkwakwani2.

#37 KijanaWaDiko
Wakuu nimesoma yote. Nahodha wangu wa #6, nimekusikia, picha zimeondolewa kwenye kundi na nimewaomba wenzangu wafute kwenye simu zao. Kuanzia jana nasimama mnadani na kijidaftari changu, naandika aina, ukubwa (mkubwa, wa kati, mdogo), bei ya juu na ya chini. Hakuna chombo, hakuna nahodha, hakuna mwamba.

Matokeo: afisa amenyamaza, na dalali ndiye ameanza. Leo ananiambia bei ya mnada wake ni siri ya biashara yake, na nikiendelea hatanipigia nyundo. Yaani nimetoka kwenye data za serikali nimeingia kwenye data za dalali.

#38 BiNgamiani
Si niliwaambia #2!

#39 SheriaMkononi
Siri ya biashara ni ile inayofichwa. Kinachopigiwa kelele mbele ya wanunuzi hamsini hakijafichwa. Ila kukataa kukuuzia, hilo sheria zote tulizotaja hapa hazimzuii. Hapo unahitaji BMU, wao ndio wenye diko, waweke ubao wa bei za mnada kila asubuhi. Ikiwa ni kanuni ya diko, haitakuwa tena wewe dhidi yake.

#40 MtakwimuWaPwani
Ubao nauunga mkono. Lakini kijana, kundi lako lina watu mia mbili na namba zao. Unaweka orodha ya wateja, nani anadaiwa, nani analeta ndoo ngapi? Hiyo ni kukusanya taarifa binafsi. Wakusanyaji na wachakataji wanatakiwa kusajiliwa kwenye Tume.

#41 MwalimuPongwe
Jamani! Mchuuzi wa ndoo naye asajiliwe, na yule wa fotokopi mwenye NIDA mia hajaguswa?

#42 MtakwimuWaPwani
Wote wawili, Mwalimu. Mimi sijasema mmoja.

#43 MchumiWaRaskazone
Sikubaliani. Kundi la kupashana bei si biashara ya taarifa, sheria yenyewe inaacha nje matumizi ya mtu binafsi.

#44 SheriaMkononi
Matumizi binafsi ni simu yako na familia yako. Yeye anauza samaki kupitia kundi hilo. Hapa kweli pana ubishi, na sijaona uamuzi wa Tume juu ya kundi la aina hii. Kijana, daftari la madeni liweke kwako, usilirushe kundini, na usimwingize mtu bila kumuuliza. Hivyo viwili vinakulinda kwa tafsiri zote mbili.

#45 NahodhaWaMwambani
Kijana, umefanya la maana, mkono wangu ninao juu ya hilo. Sasa mimi nina langu kwa Mtakwimu. Mimi nimetaja kilo zangu kwa yule mwandishi tangu enzi za daftari la kaunta. Sijawahi kuletewa karatasi hata moja kuniambia mwezi wa kusi tumeshusha nini na mwezi wa kaskazi nini, jarife linaleta nini na mshipi unaleta nini. Ningelijua hilo ningejua kama ninunue nyavu mpya au nisubiri. Kwa sheria zenu zote hizo, ipo inayonipa haki ya kudai karatasi hiyo ije dikoni?

#46 MtakwimuWaPwani
Nahodha, taarifa zako mwenyewe unaweza kuomba kuziona, sheria ya 2022 inakupa. Jumla ya diko iombeni kama BMU kwa sheria ya 2016, barua moja, sahihi nyingi. Fomu za mwezi zinapokusanywa jumla huwa imeshafanyika, siyo kazi mpya.

#47 Mkwakwani2
Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri ibaki kwenu. Na andikeni tarehe ya kupokelewa kwa mkono wenu pembeni ya muhuri, siku 30 zinahesabiwa kuanzia hapo.

#48 NahodhaWaMwambani
Kikao cha BMU ni Ijumaa baada ya sala. Kijana uje na kalamu, mwandiko wangu haufai kwa serikali. Na usisahau kuandika kwamba safu la mwamba hatulitaki kwenye hiyo karatasi.

#49 MtakwimuWaPwani
Safu la eneo likiondolewa, hamtajua ni wapi samaki wanaisha.

#50 NahodhaWaMwambani
Hilo tutalizungumza kikaoni. Njoo na wewe.